Sili Hununuliwa kwa Kipimo, Si kwa Jina la Gari



Mikutanoni mwetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba na saa za ziada, na hayo ni haki yetu. Mimi leo nataka kuandika juu ya kitu kidogo sana, kipete cha bati na mpira ambacho ukikitia mfukoni utasahau kwamba unacho. Huitwa sili. Imo katika boksi ya stelingi ya kila Land Rover ya zamani, na kwa ajili yake nimeona fundi akikatwa mshahara, na gengi zima likiteremshwa mteremko wa Kijabe katika gari ambalo usukani wake unalegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya makanika, si mambo ya chama. Mimi nawauliza, ni nani wanaokaa nyuma ya gari hilo pamoja na nyundo, jeki na mitaimbo? Ni sisi. Na ni nani anayelala chini yake kwenye tope kufungua boksi? Ni mwenzetu. Basi jambo hili ni letu. Nami shauri langu ni moja: sili inayofaa ni ile inayolingana na shafti, na tundu, na oili, na nguvu iliyomo ndani ya boksi. Haitoshi kwamba kwenye pakiti yake limeandikwa jina la gari. Na fundi apewe nafasi na chombo cha kupima hayo kabla mtu yeyote hajatumwa dukani.

Kwanza tuelewane kazi ya boksi yenyewe, maana wengi wanaopanda gari hawajapata kuiona ndani. Ile fito ndefu inayoshuka kutoka kwenye usukani mwisho wake ni parafujo nene, nayo imo ndani ya boksi. Juu ya parafujo imevaa nati kubwa, na katikati ya hizo mbili zimepangwa gololi za chuma zinazobingirika ili usukani uwe mwepesi. Dereva akigeuza usukani, nati hupanda au hushuka, na ikienda husukuma shafti ya pili, fupi na nene, ambayo kichwa chake hutoka nje ya boksi na kushika mkono wa chuma. Mkono huo ndio unaosukuma na kuvuta fito zinazogeuza magurudumu ya mbele. Sasa mahali shafti hiyo fupi inapotokea nje lazima pawe na nafasi ya kuzunguka, na penye nafasi oili hupita. Sili ndiyo askari wa mlango huo. Mdomo wake wa mpira hukumbatia shafti, na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba ya mviringo inayoubana usiachie.

Sili ikivuja, gari haliendi mtaroni siku hiyo. Nasema hivi makusudi, kwa sababu chama kinachopiga kelele ya simba pasipo simba hakitasikilizwa siku simba akija. Kinachotokea ni cha polepole. Oili hupungua, gololi na parafujo husagana kavu, chuma hulika, na usukani huanza kuwa na mahali unapozunguka bure bila gurudumu kusikia. Dereva huzoea. Kila wiki huongeza kidogo mwendo wa mikono yake kuufuata ulegevu huo, hata anakuwa haoni tena kwamba upo. Siku dereva mwingine anapolichukua gari hilo, ndipo watu wanapoona hatari waliyokuwa wakiishi nayo. Na mteremko ule tunaujua, korongo likiwa upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine.

Tuje sasa kwenye jambo lenyewe. Karani wa stoo akitumwa, huandika nini kwenye karatasi? Huandika hivi: “Oili sili ya stelingi ya Land Rover, moja.” Karatasi hiyo ni sawa na kuandika, “Gurudumu la reli, moja.” Mfanya kazi yeyote wa reli angecheka na kuuliza, reli ipi? Ile ya zamani ambayo upana wake ni milimita 1,000, au ile iliyofunguliwa mwaka 2017 ambayo upana wake ni milimita 1,435? Zote mbili ni reli, zote mbili zatoka Mombasa zafika Nairobi, na jozi ya magurudumu ya hii haiwezi kusimama juu ya ile. Sisi kwa kazi yetu tunajua kwamba jina si kipimo. Lakini tukifika kwenye gari tunasahau.

Na Land Rover si gari moja. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ikaja Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971. Gari la 110 lilitoka mwaka 1983 na la 90 mwaka uliofuata, yakapewa jina la Defender mwaka 1990, na lile umbo la zamani likaachwa kutengenezwa Januari 2016. Hiyo ni miaka 68. Katika miaka yote hiyo boksi ya stelingi ilibadilishwa mara kadhaa, na ziko za kuzungusha kwa nguvu za mikono na ziko za kusaidiwa na pampu. Ongeza hapo kwamba gari la zamani la nchi hii limepita mikononi mwa wengi. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa kwetu Thika, nyingine zililetwa zikiwa kamili. Zimepata ajali, zimefungwa boksi kutoka gari jingine lililokufa. Kadi ya gari husema mwaka wa gari, haisemi mwaka wa boksi. Kwa hiyo yule anayefungua kadi na kusoma mwaka na kwenda dukani anatafuta sili ya gari lililokuwako zamani, si ya lile lililo mbele yake.

Kwa sababu hiyo mimi naona fundi asiulize gari, aulize boksi. Aioshe kwa mafuta ya taa na brashi mpaka namba na jina la mtengenezaji yaliyo kwenye chuma yaonekane, ayaandike. Kisha aangalie sili yenyewe ya zamani, kwa sababu mara nyingi usoni mwake mmeandikwa namba tatu. Ya kwanza ni unene wa shafti, ya pili ni upana wa tundu inamokaa sili, ya tatu ni kimo cha sili, yaani inaingia ndani kiasi gani. Ukikuta hizo, andika kabla hujaitoa kwa patasi, maana wengi huiharibu katika kuitoa na namba hupotea nayo.

Lakini hata hizo zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa fundi aliyetangulia huenda naye alitia sili isiyofaa. Hapo ndipo kinapotakiwa kile chombo cha kupimia, vernia. Pima shafti mahali ambapo mdomo haukuwa ukigusa, palipo safi bila mkwaruzo. Pima tundu katika chuma cha boksi. Usipime tundu la sili, kwa sababu mdomo wa sili mpya hufanywa mdogo kuliko shafti ili ubane, na mtu akiupima ataleta kipimo cha uongo. Nimeona karani mwerevu kabisa, mwenye cheti, akibishana na muuza duka kwamba sili iliyoandikwa 32 si 32, eti ameipima kwa rula.

Kisha lipo jambo la inchi na milimita, na hapa ndipo pesa nyingi zinapozama. Land Rover za zamani zilichorwa na watu waliopima kwa inchi. Sili nyingi madukani siku hizi ni za milimita. Walimu wetu wa shule ya misheni walitutesa kwa hesabu za sehemu, robo na thumni, na sisi tukifikiri hazina kazi duniani. Kazi yake ndiyo hii. Inchi moja ni milimita 25.4. Tuseme shafti ni inchi moja na robo: hiyo ni milimita 31.75. Muuza duka hana 31.75, anayo 32, naye atakuambia, “Chukua, ni kitu kimoja.” Tofauti ni robo ya milimita. Kwa upande wa shafti, ikiwa shafti ni nzuri na haitikisiki, pengine mdomo utaivumilia. Lakini kwa upande wa nje hakuna kuvumilia. Tundu la inchi moja na robo tatu ni milimita 44.45. Sili ya 44 itaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole, na oili itapita nyuma yake. Sili ya 45 haiingii, ila kwa nyundo, na nyundo hukunja bati lake, na mdomo hukaa upande kama kofia ya mlevi. Kimo ndicho chenye nafasi kidogo: kama tundu ni refu na hakuna pete ya kuibania, sili fupi kidogo yaweza kufanya kazi. Ndefu ikitokeza nje, mkono wa stelingi utaisaga.

Wako mafundi wanaoziba tofauti hiyo kwa gundi ya gasketi. Siwalaumu sana, kwa sababu najua jinsi wanavyoharakishwa. Walakini gundi si kipimo. Na wako wanaoacha sili kabisa na kujaza boksi grisi nzito ya beringi, ili isivuje. Hiyo ni hila mbaya kuliko kuvuja kwenyewe. Oili hurudi yenyewe kwenye gololi kila mara usukani unapozunguka; grisi nzito husukumwa kando na kubaki huko, gololi zinakwenda kavu katikati ya grisi nyingi, na kwa nje boksi inapendeza kuitazama. Watu wengine hutumia ile grisi laini inayotiririka kama uji, nayo nasikia ina watetezi wake miongoni mwa wenye magari ya zamani. Kwa boksi iliyochoka sana sitabisha nao. Ila mtengenezaji alitaka oili, na sili ilitiwa kwa ajili ya oili.

Sasa nitoe mfano. Kontrakta mmoja, ambaye jina lake silitaji, alikuwa na kazi ya kubadilisha mataruma, na Land Rover yake ndiyo iliyochukua gengi kila asubuhi. Boksi ilivuja. Karani akatumwa na ile karatasi ya “sili ya Land Rover, moja.” Sili ya kwanza ilitumbukia tu, ikavuja siku ya pili. Ya pili ilipigwa nyundo. Ya tatu ilikaa vizuri machoni, ikavuja baada ya wiki. Kila mara mkono wa stelingi ulitolewa na kurudishwa, na kila aliyewahi kuutoa mkono huo kwenye meno ya shafti anajua kwamba hautoki kwa maombi. Mwisho wa mwezi fundi aliambiwa kwamba ameharibu sili tatu na oili, na bei yake ikatolewa katika mshahara wake. Karani aliyeandika karatasi hakuulizwa neno. Aliyekataza kununua vernia hakuulizwa neno. Baadaye mzee mmoja fundi aliyekwisha staafu aliazima vernia, akapima kwa muda usiozidi ule wa kunywa chai, akasema shafti na tundu zote ni za inchi, na zile sili tatu zote zilikuwa za milimita. Sili ya haki ilipatikana katika duka la beringi huko Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa kumpa muuzaji namba tatu tu. Jina la gari hakulitaja, wala muuzaji hakuliuliza.

Hilo la duka la beringi nataka mlishike. Muuza spea za gari hupanga vitu vyake kwa majina ya magari. Muuza beringi hupanga sili zake kwa vipimo, na akikosa ya milimita anajua kutafuta ya inchi, maana mashine za viwanda vya zamani nazo zilikuwa za inchi.

Juu ya mpira wenyewe sitasema mengi. Kwa boksi ya kawaida yenye oili ya gia, mpira unaoitwa nitrile wafaa. Huvumilia oili na joto la kadiri ya digrii 100, na boksi ya stelingi haifiki huko. Ule wa bei kubwa unaoitwa Viton huvumilia joto la digrii 200, na ni kazi ya injini zaidi kuliko ya stelingi, isipokuwa boksi iko karibu sana na bomba la moshi. Usidanganywe na rangi. Na mpira wa breki usiletwe hapa hata kama umelingana kwa kipimo, kwa kuwa ulifanywa kwa mafuta ya breki. Ukikutana na oili ya gia huvimba na kulegea. Tena tazama umri wa sili. Wako wauzaji wanaotoa kwa fahari sili ya asili katika pakiti yake iliyokaa rafuni miaka 40, nao hutaka bei zaidi kwa ajili ya pakiti. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Uukunje mdomo wake kidogo kwa kidole: ukiwa mgumu kama ukucha, au ukionyesha nyufa, mrudishie na pakiti yake. Kwa barabara zetu za vumbi na tope, chukua ile yenye mdomo wa pili mdogo wa kuzuia vumbi, kama kimo chake kinaingia.

Boksi inayosaidiwa na pampu ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mafundi vijana wasome mara mbili. Sili ya kawaida imefanywa kuzuia oili iliyotulia. Haivumilii msukumo ila mdogo sana, sehemu ya baa moja. Pampu ya stelingi yaweza kusukuma kwa baa 70 na zaidi. Ukitia sili ya kawaida mahali pa sili ya boksi hiyo, hata kama namba zote tatu zimelingana, dereva akigeuza usukani hadi mwisho itatokea nje kama kizibo cha chupa. Sili za huko zimetengenezwa kwa msukumo, nyuma yake kuna pete ngumu ya kuziegemeza, na mbele pete ya chuma ya kubania. Ndani zimo pete nyingine nyembamba na oringi. Hizi usizitafute moja moja. Nunua seti nzima kwa namba ya boksi. Ukifungua seti na kukuta zimebaki mbili au tatu, usishtuke, kwa sababu seti moja mara nyingi hufanywa kwa boksi za aina mbili au zaidi. Lakini kila unayotia ilinganishwe kwanza na ile uliyoitoa, mahali pake, upande wake. Na hapa hatari haiendi polepole kama nilivyosema juu ya ile ya mikono. Oili ya pampu ikimwagika mteremkoni, usukani huwa mzito ghafula mikononi mwa dereva asiyetazamia.

Tena, sili haitatibu shafti mbovu. Pitisha ukucha juu ya shafti mahali mdomo ulipokuwa ukigusa. Ukucha ukinasa katika mfereji, sili mpya nayo itavuja, hata iwe ya dhahabu. Yako magamba membamba ya chuma ya kuvalisha juu ya mfereji huo, nayo hupatikana kwa kipimo katika maduka yale yale ya beringi. Au sili isukumwe ndani au nje kidogo ili mdomo ukutane na chuma kizima, kama tundu linaruhusu. Kisha shika mkono wa stelingi na kuutikisa juu na chini. Shafti ikicheza, bushi yake imelika, na hakuna mdomo wa mpira unaoweza kufuata shafti inayorukaruka. Bushi kwanza, sili baadaye. Wengi hufanya sili peke yake kwa sababu bushi ni kazi ya siku nzima na mwenye gari anataka lake saa nane.

Katika kuitia, mdomo wenye springi hutazama oili, ndani. Meno ya shafti yafunikwe kwa karatasi ya plastiki au bati jembamba la mkebe, la sivyo yatakata mdomo mpya hata kabla haujaonja oili. Upakwe oili au grisi kidogo, usikavuke. Isukumwe kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, sawasawa pande zote. Na katika Land Rover za Series, yule anayefanya boksi asiisahau rilei, kile kiungo kilicho ndani ya boriti ya mbele ya chasisi. Nacho kina oili na sili zake, na mara nyingi ndicho kinachovuja huku boksi ikilaumiwa. Lakini ndani yake imo springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na fundi akiifungua bila kuifunga itaruka na kuvunja taya. Hiyo si kazi ya kufanywa na mtu mmoja peke yake usiku kwa kurunzi.

Sasa nirudi kwenye haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliiharibu kwa kusudi. Ni kwa kusudi, ndugu zangu. Fundi aliyepewa sili ya milimita kwa shafti ya inchi, akanyimwa chombo cha kupimia, akaambiwa gari litoke kabla ya jua kutua, huyo ameharibu nini kwa kusudi? Kumkata bei ya sili ni kumfanya alipe kwa mfuko wake ujinga wa karatasi aliyoiandika mwingine. Mwanachama yeyote aliyekatwa kwa namna hiyo alete hati yake ya mshahara kwa mwakilishi wa chama, pamoja na sili zenyewe. Msizitupe, maana sili iliyokunjwa ni shahidi mzuri kuliko maneno.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi aliye na sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Usukani unaozunguka bure naona unaingia humo. Sili inayotoa tone moja kwa siku haiingii, na tusidanganye. Anayejua tofauti ya hayo mawili ni dereva na fundi, basi wao ndio waulizwe, na jibu lao liandikwe katika kitabu cha gari pamoja na tarehe. Na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria hiyo hiyo inataka pawe na kamati ya usalama. Mimi nauliza, katika kamati hizo, ni mara ngapi gari linalochukua watu limekaguliwa? Hukagua ndoo za mchanga wa moto na helmeti, kisha wanakamati wanapanda gari lile lile kurudi nyumbani.

Wenye mali watajibu kwamba gari la zamani halina faida tena, linunuliwe jipya. Waache waseme hivyo siku watakapolinunua. Mpaka siku hiyo ni sisi tunaolipanda hili. Wala si kweli kwamba la zamani ni baya kwa sababu ya uzee. Boksi ya mikono ya Land Rover yaweza kufunguliwa kwa spana za kawaida, gololi zake zahesabika, na sili yake bei yake ni ndogo kuliko oili inayomwagika kwa kuikosa. Kinachokosekana ni vernia moja na ruhusa ya kuitumia.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi nitaomba mambo matatu yaandikwe na kupelekwa kwa waajiri wote wanaochukua wanachama wetu kwa magari yao. Kila karakana iwe na vernia yenye inchi na milimita, nayo isifungiwe ofisini mwa fomeni. Karatasi ya kuagiza sili isipokelewe na stoo kama haina namba tatu, aina ya oili, na neno la kusema kama boksi ina pampu au haina. Na liwepo daftari la boksi: namba iliyo kwenye chuma chake, unene wa shafti, upana na kimo cha tundu, sili iliyotiwa, na tarehe, ili fundi atakayekuja baada ya huyu asianze upya. La gengi letu nimekwisha kulianza kwa penseli. Mafundi wa matawi mengine wenye vipimo vya boksi za Series na za 110 wanaombwa kuviandika na kuvikabidhi kwa mwakilishi kabla ya mkutano, na wasiache kutaja kama ni inchi au milimita.